Simu ilimwambia mamangu presha iko sawa. Haikuwa sawa

MAMANGU aliacha kumeza dawa za presha kwa siku 11 kwa sababu simu ilimwambia yuko sawa. Na mimi ndiye niliyemwekea hiyo apu.

Wacha nikueleze vile ilitokea, maana huenda hata kwenu kuna mtu anafanya hivyo hivyo. Mama anauza mboga Makongeni na kurudi Kamenu jioni akiwa amechoka. Alikuwa akilalamika kwamba kwenda kliniki kupimwa ni kupoteza nusu siku ya biashara. Mimi nikajifanya mtaalamu wa teknolojia. Nikamshushia apu ya bure, ile ya kuweka kidole kwenye kamera ya nyuma. Taa inawaka, unangoja sekunde 30, namba zinatoka: 121 kwa 79. Kesho yake 119 kwa 78. Mama akafurahi. Dawa zilikuwa zinakaribia kuisha, na pesa ya dawa ndiyo hiyo hiyo ya kununua sukuma na nyanya za kuuza. Akaona, sasa dawa ni za nini?

Siku ya 11 akashikwa na kizunguzungu akifungua kibanda. Jirani yake wa sokoni akampeleka duka la dawa lililo karibu, wakamfunga mkanda wa presha kwenye mkono: 178 kwa 104. Wakangoja dakika chache, wakampima tena. Karibu vile vile. Akatoa simu kwa mkoba ajipime mwenyewe, nayo ikamwambia 120 kwa 80.

Jioni hiyo nilikaa na hiyo simu kama polisi na mshukiwa. Nikajipima mimi: sawa. Nikampima binamu yangu wa miaka 6: sawa. Nikaruka ngazi mara kadhaa hadi pumzi ikakata, nikajipima: sawa. Mwishowe nikaweka ndizi mbele ya kamera. Ndizi ilikuwa na presha ya 118 kwa 76. Kwa hiyo kwetu mwenye afya kuliko wote ni ndizi.

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Mama angeanguka barabarani siku hiyo, ningecheka nini?

Simu inaona nini hasa?

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu vihisi, vile vidude vidogo vya kupima vilivyo ndani ya simu na saa janja. Si vyote ni uongo. Kinachochanganya watu ni kwamba kitu cha kweli na cha kubuni vinakaa kwenye skrini moja, kwa rangi zile zile nzuri.

Mapigo ya moyo, simu inaweza kuyahesabu. Taa inamulika kidole, damu inanyonya sehemu ya mwanga. Moyo ukidunda damu inajaa kidoleni na mwanga unaorudi kwa kamera unapungua kidogo. Kati ya pigo na pigo, unaongezeka. Simu inahesabu kupanda na kushuka huko, basi. Samsung waliweka kihisi maalumu cha kazi hiyo karibu na taa ya kamera kwenye Galaxy S5 mwaka 2014, wakaja kukiondoa kwenye Galaxy S20 mwaka 2020. Ukitulia, kidole kikiwa na joto na huongei, hesabu inaweza kukaribia ukweli. Ukitikisika, inapotea.

Hatua, simu inazikisia kutokana na mtikisiko. Ndiyo maana ukipanda matatu ya kurukaruka kwenye mashimo, unaweza kufika ukipongezwa kwa mazoezi ambayo hukufanya.

Presha sasa ni hadithi nyingine. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Ule mkanda wa duka la dawa unabana mkono hadi damu isimame, halafu unalegea polepole ukipima ni wapi damu inaanza kupita tena. Kamera haibani kitu. Inaona mwanga tu. Hata Samsung, ambao saa zao zinapima presha katika baadhi ya nchi, wanakutaka uilinganishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya wiki 4. Kama kampuni kubwa hivyo bado inauhitaji mkanda, hiyo apu ya bure iliyojaa matangazo inatoa wapi namba zake?

Na si sisi wa kwanza kudanganywa. Kati ya 2014 na 2015 kulikuwa na apu ya iPhone iliyoitwa Instant Blood Pressure, iliyouzwa Marekani kwa dola 4 hivi. Watu zaidi ya 100,000 waliinunua. Watafiti wa Johns Hopkins wakaijaribu kando ya mashine ya kawaida na kutoa matokeo mwaka 2016: kati ya watu 10 wenye presha ya juu, karibu 8 waliambiwa hawana. Mwishoni mwa mwaka huo huo, tume ya biashara ya Marekani ikafikia makubaliano na kampuni hiyo kuhusu madai yake ya uongo. Hiyo ilikuwa ya kulipia. Fikiria hizi za bure.

Sukari pia, tafadhali. Mtu akikuuzia saa au pete inayopima sukari bila kutoboa kidole, ondoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya kubuni anaweza kuzimia, hata kufa.

Ngozi yetu nayo

Hapa ndipo niliposhtuka zaidi. Vile vibanio vya kidole vinavyopima oksijeni, tulivyovijua wakati wa korona, vinatumia mwanga pia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliangalia wagonjwa ambao kibanio kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Walipopima damu yenyewe, vipimo vingine vilikuwa chini ya 88, kiwango cha hatari. Kwa wagonjwa wazungu kosa hilo lilitokea mara 3.6 katika kila vipimo 100. Kwa wagonjwa weusi, mara 11.7. Na hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, si saa ya bob 1,500 uliyonunua stendi. Kwa hivyo kama ngozi yako ni kama yangu na kifua kinakubana, usingoje saa ikuruhusu kwenda hospitali.

Simu ikitumiwa vizuri

Usinielewe vibaya, sisemi tutupe simu. Hapa hapa Kenya tuna mfano mzuri. Daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake waliunda apu ya kupima macho inayoitwa Peek, wakaijaribu Nakuru kwa watu wa miaka 55 na zaidi, kando ya vibao vya kawaida vya herufi. Matokeo yakalingana. Kisha Trans Nzoia walimu wakaitumia kupima wanafunzi, katika utafiti uliohusisha shule 50. Wazazi wakatumiwa ujumbe wa simu kukumbushwa kumpeleka mtoto hospitali. Mwaka 2018 matokeo yalichapishwa: katika shule zilizotumia Peek, asilimia 54 ya watoto waliopatikana na shida walifika hospitali. Zilizotumia njia ya kawaida, asilimia 22.

Umeona tofauti? Peek iliwekwa kando ya kipimo cha kawaida kwanza, ikathibitishwa. Halafu kazi yake ikawa kumfikisha mtoto kwa daktari. Apu ya mamangu ilifanya kinyume. Ilimwambia abaki nyumbani.

Kuna jambo lingine. Nilipofungua mipangilio ya simu ya Mama nikakuta ile apu imepewa ruhusa ya kuona namba za watu wote, mahali alipo, na picha. Ya kupima presha, picha za nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti, lakini sheria haitakubonyezea kitufe cha kukataa. Ingia kwa mipangilio, angalia ruhusa, ondoa zisizo na kazi.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, ijaribu. Kabla hujaiamini apu au saa, ipeleke duka la dawa na uilinganishe na mashine ya mkanda. Kwetu wananitoza bob 50. Halafu iwekee ndizi. Ikipata presha kwa ndizi, ifute.

Pili, kupima kwa mkanda kuna utaratibu. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi na irudie hivyo siku nyingine, muone daktari.

Tatu, wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita kwa ploti si wa kufungiwa geti. Serikali ilipozindua mpango wao Septemba 2023, vifaa walivyotengewa vilijumuisha mashine ya presha na ya kupima sukari. Muulize wa mtaa wenu kama anayo.

Nne, na hii ndiyo kubwa: hakuna namba ya simu inayotosha kukuachisha dawa. Presha ikishuka ukiwa kwa dawa, mara nyingi ni dawa ndiyo imeishusha. Ukitaka kuiacha, ongea na aliyekuandikia.

Mama yuko salama sasa. Alirudi kwa dawa, na tunachanga kidogo kidogo tununue mashine yetu ya mkanda. Nilimwomba msamaha. Akanitazama, akaniambia, "Hiyo simu yako ilikuwa inanipenda sana. Kila siku inaniambia tu kile nataka kusikia."

Leo jioni chukua simu ya mzazi wako uangalie kama iko na apu kama hiyo. Mimi nilichelewa siku 11.