Je, Wajua? Maneno ya Kumlaza Mgeni

Je, wajua kuwa neno la Kiingereza harbour, ambalo leo ni bandari, zamani lilikuwa malazi ya mgeni? Na harbinger, neno ambalo siku hizi humaanisha dalili ya jambo lijalo, alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya mfalme au jeshi kutafuta nyumba za kulala. Kazi ilikufa, jina likabaki.

Kwetu pia yapo. Katika nyumba za mawe za Lamu, sabule ilikuwa sehemu ya wageni, iliyotengwa na vyumba vya ndani vya wenyewe. Leo sebule ni mahali pa kochi na televisheni.

Si maneno tu, desturi nazo zilikuwepo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona jambo ambalo mimi sichoki kulisimulia. Jahazi likitia nanga, vijana waliliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake tu, isipokuwa yule aliyekwisha kuuzoea mji. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia mahitaji, na anayemlalia mgeni kwa bei, biashara yake haitambuliwi. Mwenyeji alikuwa mlinzi, siyo mpishi tu.

Ziwa Nyasa lina kisa cha kinyume. Liuli, kwenye pwani ya ziwa hilo iliko pia Ngumbo, Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa, Waingereza wa meli ya Gwendolen wakaipiga mzinga. Nahodha wa Wissmann, Berndt, ambaye hakuwa na habari za vita, alipanda mashua ndogo akiwa amefura, akamwendea nahodha wa Gwendolen, Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, amuulize kama amelewa. Alikaribishwa melini, akaelezwa kwamba nchi zao zinapigana, akawa mateka.

Huko milimani Mbinga, Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja na vijana wakafundwa. Neno hilo limeandikwa na watafiti, kwa hiyo limesalimika. Maneno ya Kinyasa ya kumpokea mgeni anayeshuka mtumbwini jioni, kumpa maji ya kunawa, kumwandalia ugali wa muhogo na mbasa, na kumtandikia mkeka, wanayo wazee. Msomaji wa Ngumbo, kaa nao uyaandike, pamoja na maana zake.