Historia ya Programu za Mawasilisho (2): Slaidi Ilivyochukua Nafasi ya Ripoti

Wiki iliyopita tuliona jinsi projekta ya karatasi za plastiki ilivyotoka katika mafunzo ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikaingia madarasani na hatimaye kwenye vyumba vya mikutano vya makampuni. Tuliishia pale ambapo meneja mwenye jambo la kuwaeleza wakubwa wake alilazimika kuandika rasimu kwa mkono, kumpelekea mpiga chapa au idara ya michoro, kisha kungoja. Kosa la tarakimu moja likionekana, karatasi nzima inarudiwa. Leo tumtazame mtu aliyeona kwamba kungoja huko hakukuwa na sababu.

Mtu huyo ni Robert Gaskins. Mwaka 1984, baada ya kufanya kazi katika maabara za Bell-Northern Research, alijiunga na Forethought, kampuni changa ya Sunnyvale, California, iliyokuwa na hali ngumu. Agosti mwaka huo aliandika maelezo ya kurasa mbili kuhusu programu aliyotaka kuitengeneza. Programu za kuchora grafu zilikuwepo tayari, ila nyingi ziliandaliwa kwa ajili ya mafundi wa michoro. Gaskins alitaka mwenye hoja aitengeneze slaidi yake mwenyewe, mezani pake, aipange na kuipangua hadi dakika ya mwisho. Aliamini pia kwamba kompyuta zenye kuonyesha picha na herufi za kila umbo, kama Macintosh iliyokuwa imetoka mwaka huohuo, ndizo zitakazotawala.

Akamwajiri Dennis Austin, ambaye ndiye aliyebuni na kuandika sehemu kubwa ya programu. Baadaye akaongezeka Thomas Rudkin. Walikuwa wameiita Presenter, lakini ikabainika kuwa jina hilo lina mwenyewe. Likachaguliwa jina PowerPoint. Aprili 20, 1987, toleo la kwanza likaingia sokoni kwa ajili ya Macintosh, na nakala 10,000 za mwanzo zikaisha.

Msomaji wa leo angelifungua toleo lile asingeamini macho yake. Halikuwa na rangi wala maandishi yanayoruka. Lilitoa kurasa za rangi nyeusi na nyeupe, za kuchapwa na kuhamishiwa kwenye karatasi ya plastiki, kisha kuwekwa juu ya projekta ileile ya zamani. Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo wengi hawalitumii hadi leo: kila slaidi ilikuwa na ukurasa wake wa maelezo ya msemaji. Juu inakaa picha ndogo ya slaidi, chini unaandika yale utakayoyasema. Watengenezaji walijua kwamba slaidi peke yake haijitoshelezi. Hoja yenyewe ilikuwa mdomoni mwa mtu aliyesimama, na slaidi ilikuwa ya kumsaidia msikilizaji asipotee njiani.

Mwishoni mwa Julai 1987, miezi mitatu tu baada ya programu kutoka, Microsoft iliinunua Forethought kwa dola milioni 14 taslimu. Gaskins akabaki California kuongoza kazi ileile. Toleo la pili, la mwaka 1988, lilileta rangi: mtumiaji alituma faili lake kwa njia ya simu hadi kampuni ya Genigraphics, akarudishiwa slaidi za filamu za milimita 35. Mwaka 1990 likafuata toleo la Windows.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilikuja mwaka 1992. Februari 25, katika Hotel Regina mjini Paris, Gaskins aliingia ukumbini mbele ya watu wa Microsoft na kompyuta ya kubebeka, akaiunganisha kwa waya na projekta kubwa kama jokofu, na slaidi zenye rangi zikatokea ukutani moja kwa moja. Hapakuwa na plastiki wala filamu. Tangu hapo gharama ya kuongeza slaidi ikawa si kitu. Zamani kila karatasi ililipiwa, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kuagiza ya kumi; sasa hata ya sitini ni ya bure. Na kwa kuwa programu iliuzwa ndani ya furushi la Office pamoja na Word na Excel, ilijikuta katika kompyuta za watu ambao hawakuwahi kuiomba.

Taratibu ofisi zikaanza kuomba slaidi badala ya ripoti. Asiyehudhuria mkutano alitumiwa slaidi, na mwaka uliofuata slaidi hizohizo zikawa ndiyo kumbukumbu ya uamuzi. Madhara yake yalionekana wazi Marekani mwaka 2003.

Januari 16 ya mwaka huo chombo cha anga Columbia kiliruka kikiwa na wanaanga 7. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walipima hatari na kuieleza NASA kwa slaidi. Slaidi moja ikaja kuchambuliwa na Edward Tufte, bingwa wa uwasilishaji wa takwimu, na uchambuzi wake ukaingizwa katika ripoti ya bodi iliyochunguza ajali. Kichwa cha slaidi, kwa herufi kubwa, kilimwachia msomaji tumaini. Chini yake kulikuwa na vidokezo, vidokezo ndani ya vidokezo, kila ngazi ikisogea kulia na herufi zikipungua. Mwishoni kabisa, katika mstari wa chini, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalifanywa kwa kipande cha inchi za ujazo 3. Tofauti ni mara 640. Maana yake majaribio yale yasingeweza kumhakikishia mtu usalama wowote.

Wahandisi hawakuficha kitu, namba ilikuwepo. Lakini katika ripoti ya maandishi ingebidi sentensi iseme kwa nini namba hiyo inaipindua hoja ya juu. Kidokezo hakimlazimishi mwandishi kuunganisha sababu na matokeo. Kinamruhusu kuyapanga tu, moja chini ya jingine. Februari 1 Columbia ilisambaratika juu ya Texas ikirejea, na wote 7 wakafa. Bodi haikusema kwamba slaidi ndizo zilizoua. Chanzo kilikuwa povu na bawa lililotoboka. Ila ilionya kuwa kutumia slaidi mahali pa taarifa za kitaalamu lilikuwa tatizo la mawasiliano ndani ya NASA.

Kwa hiyo lawama nyingi zinazotupiwa programu hii zimekosea anwani. Gaskins na Austin walitengeneza chombo cha kumsindikiza msemaji, wakamwekea hata ukurasa wa maneno yake. Waliomwondoa msemaji na kubaki na slaidi ni sisi watumiaji, na wakubwa wetu wanaosema, “Nitumie slaidi, nitazisoma.” Anayetakiwa kuamua jambo zito ana haki ya kudai aya zilizokamilika.

Wiki ijayo: Keynote ya Apple, Prezi ya Hungaria, slaidi za Google, na sababu za Jeff Bezos kuzipiga marufuku slaidi katika vikao vya wakubwa wa Amazon.

Itaendelea.