Mazungumzo Baada ya Habari: Masikio ya Askari

Ndugu askari, ndani kabisa ya sikio mna mfereji uliojisokota kama nyumba ya konokono. Humo binadamu huzaliwa na chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu, zigeuzazo mtikisiko wa sauti kuwa habari iendayo ubongoni. Kuku akizipoteza huota nyingine, kama ilivyothibitishwa mwaka 1988; binadamu hakujaliwa hivyo. Mlio wa bunduki karibu na sikio hupita desibeli 140, na mmoja tu waweza kuziua. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mlinzi huyo hatasikia jani kavu likikanyagwa usiku. Basi vizibo vya masikio vivaliwe kabla ya risasi ya kwanza. Mwalimu wa shabaha naye avae, maana yeye husikia risasi za wote. Pamba kavu haitoshi.