Kubadili Ratiba Gari Moshi Likiwa Safarini

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Tuchukulie kwamba ratiba inageuzwa magari yakiwa safarini: Mombo inafuata mpya, Korogwe bado ya zamani. Kwa kuwa njia ni moja, magari yaweza kukutana uso kwa uso.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Airflow, programu ya kuratibu kazi za takwimu iliyoanzishwa Airbnb mwaka 2014, husoma maagizo yake mara kwa mara. Yakibadilishwa kazi ikiwa katikati, hatua za mwanzo hufuata ya kale, za mwisho mapya. Takwimu huharibika kimya kimya. Toleo la 3, la mwaka 2025, huwezesha kazi kumalizika kwa maagizo iliyoanza nayo, mradi matoleo yake yamehifadhiwa.

Kanuni ni ile ya stesheni: gari lifike kwanza.