Kiazi cha kijani ni mbegu, si chakula

Wengi wenu mmelima viazi mviringo katika milima ya Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, kwenye baridi na mvua ya kutosha. Kanuni za kilimo mlizoachiwa na wazee hulinda mavuno, na pia hulinda afya.

Kulima na kuvuna

Mvua zinapoanza, mkulima huchagua mbegu zenye ukubwa wa yai la kuku, zilizochipua na zisizo na ugonjwa. Mimea ikikua, huipandishia udongo kwenye shina ili jua lisifikie viazi. Baada ya miezi 3 hadi 4 majani hugeuka manjano. Hapo mashina hukatwa na viazi huachwa ardhini kama wiki 2 ili ganda likomae. Vilivyojeruhiwa na jembe huliwa kwanza, maana huoza upesi.

Kwa nini kijani ni hatari?

Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na sumu iitwayo solanini huongezeka ndani yake. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Anayeila anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha, na maumivu ya tumbo na kichwa. Mtoto hudhurika kwa kiasi cha sumu kilicho kidogo kuliko kinachomdhuru mtu mzima.

Mbegu huwekwa makusudi penye mwanga kidogo ili zitoe machipukizi mafupi yenye nguvu, hivyo nazo huwa za kijani. Shambani ni nzuri. Lakini chakula kikiisha kabla ya siku ya mgao, mama anaweza kushawishika kuzipika. Tafadhali, msifanye hivyo. Mbegu nyingine pia zimepakwa dawa ya wadudu.

Mambo ya kuzingatia

- Viazi vya kula viwekwe gizani, pakavu na penye hewa. Msivianike juani.
- Mbegu zitengwe mbali na chakula, na watu wote wa nyumbani wajulishwe.
- Kiazi chenye kijani kidogo kimenywe kwa kina, na macho yatolewe. Kilichoenea kijani au kilicho kichungu kitupwe.

Mtu akitapika au kuharisha, anywe maji yenye chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na apelekwe kituo cha afya mapema. Mweleze mhudumu alichokula. Msisubiri kesho, hasa kwa mtoto.