Tabora na filimbi ya mwamuzi: Kosa lipi hufuta matokeo?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MASHABIKI wa soka wa Tabora wana sababu yao ya kutomwamini mwamuzi kwa haraka. Februari 2016, katika raundi ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Polisi Tabora waliifunga JKT Oljoro mabao 7-0 kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Huko Kigoma, mwisho wa reli, Geita Gold nao waliichapa JKT Kanembwa 8-0 kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja, na wawaniaji hao wawili walikuwa wakihesabiana mabao. Njia ya kale ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, ambayo wapagazi waliikata kwa majuma kadhaa, siku zile ilipitisha habari za mabao 15 kwa dakika chache tu.

Aprili mwaka huohuo, Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kuwa kulikuwa na upangaji wa matokeo. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zilishushwa daraja, na JKT Kanembwa ikarudishwa hadi ligi ya mkoa. Adhabu hizo ziliwafikia pia waamuzi.

Tangu hapo si ajabu kusikia shabiki akisema "kanunuliwa" kila kibendera kinapoinuliwa. Lakini sheria haichanganyi mambo hayo. Inatofautisha mwamuzi aliyeona vibaya, mwamuzi aliyeikosea sheria yenyewe na mwamuzi aliyekula njama. Wa kwanza husamehewa na matokeo, hata kama hasamehewi na jukwaa.

Sheria ya 5 ya mchezo inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya uwanjani ni wa mwisho, ikiwa ni pamoja na kama bao limefungwa au la. Anaweza kuubadili akitambua kuwa amekosea, au akishauriwa na msaidizi wake, lakini kabla mchezo haujaanza tena. Mpira ukishachezwa, kwa kawaida mlango umefungwa.

Watanzania walilijua hilo kwa uchungu Aprili 5, 2024, mjini Pretoria. Yanga na Mamelodi Sundowns walikuwa hawajafungana katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini na kutoka. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakuhesabu bao, na Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. VAR ilikuwapo. Kwa nini basi haikumaliza ubishi?

Sababu moja ni jiometri. Bao ni bao pale tu mpira mzima unapovuka mstari mzima. Mpira una kipenyo cha takriban sentimeta 22, hivyo unaweza kugusa nyasi nyuma ya mstari huku ubavu wake ukiwa bado unauning'inia mstari huo kwa juu. Kamera iliyo pembeni kidogo ya mstari wa goli hudanganya. Ligi zenye mtambo maalumu wa mstari wa goli hupata jibu mara moja kwenye saa ya mwamuzi, ilhali VAR hutegemea pembe ya picha iliyopo. Sababu ya pili ni kwamba wakati huo VAR iliingilia mambo manne pekee, yaani bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na mchezaji aliyeadhibiwa kimakosa badala ya mwingine, tena kosa likiwa la wazi. Picha isipotosha, uamuzi wa uwanjani hubaki. Kwa maoni ya mwandishi huyu, utaratibu huo hauridhishi, lakini kukosa kuridhika si ushahidi wa hongo.

Kosa la kutoijua sheria ni jambo jingine. Septemba 2005, katika mchujo wa Kombe la Dunia kati ya Uzbekistan na Bahrain, mchezaji wa Uzbekistan aliingia ndani ya eneo kabla mwenzake hajapiga penalti, na penalti hiyo ikaingia. Sheria ilitaka irudiwe. Mwamuzi kutoka Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Uzbekistan walishinda 1-0, lakini FIFA ikaagiza mechi irudiwe. Ikaisha 1-1, na Bahrain wakasonga mbele.

Njama nayo hufuta kila kitu. Novemba 2016, Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal akidai beki Kalidou Koulibaly ameunawa mpira, kumbe ulimgonga gotini. Mwaka 2017 FIFA ilimfungia maisha na mechi ikarudiwa. Senegal walishinda 2-0 na kwenda Urusi.

Wakati mwingine kinachoonekana kituko ni sheria yenyewe. Agosti 2023, Kitayosce, timu ya Tabora ambayo baadaye iliitwa Tabora United, iliingia Azam Complex ikiwa na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili. Wawili walipoumia, mwamuzi alimaliza mchezo dakika ya 15, Azam wakiongoza 4-0. Hakuwa na hiari, kwa kuwa timu yenye wachezaji pungufu ya saba haiendelei kucheza.

Kwenye viwanja vya shule na vyuo sheria ni hizohizo, ila kamera hakuna. Mshika kibendera anatakiwa kuona kwa wakati mmoja mguu unaopiga pasi na beki wa mwisho aliye mita 30 kutoka hapo. Macho mawili hayatoshi kila mara.

Aliyenufaika na hukumu ya 2016 alikuwa Mbao FC ya Mwanza, iliyopandishwa Ligi Kuu baada ya wenzake kuondolewa. Mei 2017 Mbao walicheza fainali ya Kombe la FA mjini Dodoma dhidi ya Simba. Walifungwa 2-1 kwa penalti ya dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, penalti waliyoilalamikia sana. Matokeo hayo hayakufutwa.