CHAKULA NI NGUZO YA MGONJWA
Namna ya kula mbele na nyuma ya kupasuliwa kansere



Kila mtu anayeshuka chini ya udongo anajua sheria hii: mbele ya kugusa jiwe, tazama kwanza paa la shimo. Kama lina ufa, weka nguzo. Mwili wa mgonjwa anayengoja kupasuliwa kansere ni vile vile. Munganga ataondoa uvimbe, lakini nguzo inayoshika mwili siku zile ni chakula. Na nguzo hiyo inasimamishwa nyumbani, katika jiko lako.

Wazee wa zamani za Union Minière wanakumbuka posho: unga, maharagi, nyama, mafuta. Kompani ilijua kwamba kazi nguvu haiendi na tumbo tupu. Kufunga kidonda cha operesheni nako ni kazi nguvu, na mgonjwa anaifanya usiku na mchana akiwa amelala kitandani.

MANENO YA UONGO

Pengine umesikia watu wakisema: «Usimpe nyama wala mayai, vinanonesha uvimbe.» Au: «Afunge siku tatu ili tumbo lisafike.» Usisikilize maneno hayo. Kansere haifi kwa njaa. Ukimnyima mgonjwa chakula, mwili wake unakula misuli yake mwenyewe, hata ile ya kupumua na kukohoa. Anayekonda ni mgonjwa, si uvimbe.

Waganga wanajua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1936, munganga Hiram Studley wa Cleveland, kule Marekani, aliangalia wagonjwa waliopasuliwa vidonda vya tumbo. Kati ya wale waliopoteza zaidi ya 20 kwa mia ya uzito wao mbele ya operesheni, mmoja kwa watatu alikufa. Kati ya wale ambao hawakukonda hivyo, walikufa watatu au wanne tu kwa mia. Ule haukuwa ugonjwa wa kansere, lakini fundisho ni moja: aliyekonda anaingia katika hatari kubwa kuliko mwenziwe.

MBELE YA OPERESHENI

1. Pima uzito. Kama mtu alikuwa na kilo 60, na katika miezi sita amefika 54, amepoteza 10 kwa mia. Mwambie munganga, usimfiche. Kwa operesheni kubwa, anaweza kusogeza tarehe siku 7 mpaka 14 ili mgonjwa alishwe kwanza. Huo si uzembe. Lakini usisogeze tarehe wewe mwenyewe kwa hofu, maana uvimbe haungoji.

2. Weka chakula cha kujenga mwili katika kila sahani. Bukari inashibisha, lakini unga wa muhogo karibu hauna kitu cha kujenga mwili, yaani protini. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji protini gramu 70 mpaka 90 kwa siku. Si lazima uwe tajiri. Hesabu pamoja nasi:
– mayai mawili: gramu 12;
– maharagi yaliyopikwa, kikombe kimoja na nusu: karibu 20;
– kapenta kavu, gramu 30: karibu 18;
– karanga za kusaga ndani ya uji, gramu 30: karibu 8;
– maziwa kikombe kimoja: 8;
– bukari ya gramu 200 za unga mkavu wa mahindi: karibu 16.
Jumla inapita 80. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese kwa kuleta nguvu, na lenga-lenga, papai au chungwa.

3. Acha tumbako na lutuku. Wiki nne mbele ya operesheni ni vizuri. Kama zimebaki chache, acha leo. Lakini anayekunywa sana kila siku amwambie munganga kwanza, maana kuacha kwa ghafula kunaweza kumdhuru.

4. Ukikatazwa kula, tii. Mara nyingi chakula kinasimama saa sita mbele ya operesheni, na maji matupu saa mbili mbele yake. Kwa wagonjwa wengine saa zinakuwa nyingi zaidi, basi uliza. Usimfichie mgonjwa bukari chini ya shuka kwa huruma. Akiwa katika usingizi wa dawa, chakula kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Huruma ya namna hiyo inaua.

NYUMA YA OPERESHENI

Wagonjwa wengi wanaweza kuanza kunywa na kula kidogo katika saa 24 za kwanza. Wengine wanangoja zaidi. Munganga ndiye anayesema. Akisema «kula», usikatae kwa hofu kwamba kidonda kitafunguka.

Lete chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kikiwa cha moto na kimefunikwa. Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa aanze na yai, samaki au maharagi, kisha bukari, maana anashiba upesi.

Aliyekatwa tumbo la chakula atafune sana, na anywe kati ya chakula na chakula, si pamoja. Vitu vya sukari nyingi vinaweza kumletea jasho na moyo kupiga mbio. Aliyeondolewa tumbo lote atahitaji vitamini B12 maisha yake yote, mara nyingi kwa sindano. Asiiache hata akijisikia mzima.

Aliyekatwa matumbo aanze na vyakula laini. Sombe na mahindi ya kuchoma vingoje ruhusa. Aliyepasuliwa kinywa au koo apondewe chakula chake.

Na atembee kila siku kama anavyoruhusiwa. Chakula bila kutembea hakirudishi misuli.

Mrudishe hospitali upesi akiwa na homa, usaha, kutapika, tumbo kuvimba, au akiendelea kukonda.

NENO KWA BABA WA NYUMBA

Katika nyumba zetu kipande kikubwa cha nyama ni cha baba. Lakini kansere ya matiti na ya mlango wa kizazi inawakamata mama zetu wengi. Kama mgonjwa ni bibi yako, kipande kile ni chake mpaka apone. Yeye hatakiomba, amezoea kula wa mwisho. Ni wewe, baba, wa kukiweka katika sahani yake mbele ya watoto wote.

Na wageni wakiuliza walete nini, usione haya. Badala ya chupa za sukari na biskuti, waambie: «Leteni mayai. Leteni kapenta.»

Chini ya udongo hatungoji paa lianguke ndipo tutafute nguzo. Nyumbani pia, tusingoje siku ya operesheni. Anza na sahani ya leo jioni.

USALAMA KWANZA, HATA JIKONI!